Kijana wa Shati la Njano

Msalaba wa mama yangu uliletwa asubuhi ya mazishi ukiwa bado mbichi. Fundi aliushika kwa ncha za vidole asijichafue, akauegemeza kwenye ukuta wa jiko, akarudi nyuma kuutazama kama mtu aliyemaliza kazi nzuri. Mimi niliinusa rangi kabla sijasoma kilichoandikwa. Ilikuwa rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa. Kwa wengine hiyo ni harufu ya geti jipya au kibao cha duka. Kwangu ni harufu ya mama: ya kanga zake, ya nywele zake, ya ugali aliousonga akiwa hajanawa vizuri. Kisha nikasoma. Marselina, na chini yake, kwa herufi za kulala zilizopendeza kweli, Mama Tekla. Tekla ni mimi. Watu waliujaa uwanja wetu, kila mmoja akapita akausoma msalaba, na hakuna hata mmoja aliyeona kosa. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakaziba.

Ninyi wa rika langu mliokulia huku juu, Kasulu na Kibondo, mnazikumbuka nyumba zetu za udongo zilivyokuwa kiangazi mvua zikishakatika. Kila mama alitoka na ndoo yake. Kuta zilizokwanguliwa na masika zilisiribwa upya kwa samadi ya ng'ombe na majivu, halafu ndipo wenye mikono yao walipoonekana. Mama yangu alikuwa na mkono. Nyeupe aliipata kwenye ingwa, ule udongo tuliouchimba bondeni ukatuachia vidole vya maiti. Nyeusi ilikuwa masizi ya chungu. Nyekundu tuliikanyaga kila siku barabarani. Alichora kwa ganda la mgomba alilolitafuna ncha, akachora pembetatu na mistari na vichwa vya ng'ombe, nyumba yetu ikawa inasimamisha watu wanaokwenda soko la kambi ya Nyarugusu. "Mwakeye, Mama Dezi! Leo umetuwekea nini?" Naye anacheka, mikono myeupe mpaka viwikoni.

Mama Dezi. Hivyo ndivyo alivyoitwa, na mimi sikuwahi hata siku moja kujiuliza Dezi ni nani. Niliona ni jina tu, kama vile jirani yetu alivyoitwa Mama Ntilu na hakuna aliyemwona huyo Ntilu maana alikwisha kuolewa Buhigwe. Watoto wana upumbavu wao. Tulikuwa watatu nyumbani: mama, mimi, na Bibi Vero, shangazi yake mama, aliyevuka kutoka Burundi zamani sana akalima, akazeeka, akawa raia, na siku mama alipotokea mlangoni kwake na mimi mgongoni akasogea tu kitandani akampisha. Baba sikumjua. Nikiuliza, mama alikuwa ananipa kazi ya kufanya.

Miongoni mwa zile pembetatu, chini karibu na mlango, kila kiangazi mama alichora pia mtoto. Huyo hakumchora kama alivyochora vitu vingine. Ng'ombe walikuwa mistari tu, unajua ni ng'ombe kwa sababu ya pembe. Mtoto alikuwa na uso, na ncha ya sikio lake la kushoto ilikuwa imeliwa, na shati lake mama alilipaka udongo wa njano alioufuata mbali, kingo za mto, peke yake, na hakutaka nimsindikize. Masika yakija mtoto anachuruzika ukutani, miguu kwanza, halafu shati. Mama alikuwa anakaa barazani akitazama maji ya njano yakipita kwenye mfereji, wala humsemeshi.

Nilijua mtoto yule ni nani. Ni mimi! Sisi wote tulinyolewa, wa kike kwa wa kiume, kwa hiyo kichwa hakikunisumbua. Sikio nililishika mara kwa mara kuona kama ncha bado ipo. Na kilichonithibitishia kabisa ni kwamba kila mwaka alikuwa mkubwa zaidi. Mama hakumrudia kama alivyokuwa; alimwongeza. Nikisimama naye ukutani alinipita kichwa, mwaka uliofuata nimekua na bado amenipita kichwa. Nikaelewa, kwa akili yangu ile, kwamba mama ananichora nitakavyokuwa, ili nijue pa kufikia. Nilimwomba shati la njano. Aliniambia, "Hilo siyo lako." Nikadhani anasema bado.

Halafu kukatokea Papa Flori. Huyu alikuwa Mkongomani wa kambini, mchoraji wa vibao vya vinyozi na wauza dawa, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na alisimama mbele ya ukuta wetu siku ya soko mpaka Bibi Vero akamuuliza kama amepotea. Akasema, "Hapana, mama. Minatazama. Huyu mwenye alichora huyu mutoto, yeye iko na mukono. Lakini juu ya udongo? Mvua itakula yote hii." Mama alikuwa anapepeta maharage. Akasema, "Inakula. Kila mwaka." Papa Flori akavua kofia. "Kuja kwetu, nitakuonyesha rangi yenye mvua haiwezi."

Bibi Vero alikataa katakata. Mwanamke mzima akajifunze kazi ya vinyozi? Na hiyo rangi ya kopo inanuka, na nyumba haikujengwa kwa rangi ya kopo. Lakini mama alikwishaacha kupepeta. Nakumbuka alichomuuliza Papa Flori, kwa sababu niliona ni swali la ajabu. Hakuuliza kama ni ngumu wala itachukua muda gani. Aliuliza, "Hiyo picha inaweza kubebwa?" Papa Flori akacheka. "Mama Dezi, tunachora juu ya gunia. Unakunja, unabeba, inafika hata Ulaya." Mama akarudia, polepole, "Inafika."

Basi akaanza kwenda. Walipasua magunia ya unga wa msaada, wakayawamba kwenye fito, wakayapaka uji wa muhogo uliochanganywa na rangi nyeupe ya maji mpaka maandishi ya gunia yafifie. Nilikwenda naye kila nilipopata nafasi na kukaa chini ya turubai la Papa Flori lililokuwa joto kama tanuri. Mwanzoni alikosea vibaya. Alizoea udongo, udongo unaukandamiza, na rangi ya mafuta ukiikandamiza inakupandia juu ya brashi inakuwa tope. "Taratibu, mama! Hii haipendi nguvu. Na maji usitie, tia mafuta kidogo." Mama anafyonza, anafuta kwa kitambaa, anaanza tena. Nyumbani alirudi na rangi ya kijani shingoni na Bibi Vero anaziba pua kwa makusudi. Msidhani walikuwa wanataniana. Bibi alikuwa ameudhika kweli, na kiangazi kile ukuta wetu ulisiribwa tu, haukuchorwa kitu.

Na alipoiweza, aliiweza. Mungu wangu, mama yangu alichora! Alichora barabara nyekundu yenye watu, wamebeba magodoro na masufuria na kuku, nyuma moshi, mbele hakuna kitu. Watu wote walionekana kwa ubavu au kwa kisogo, nyuso zimepitishwa brashi tu. Katikati mwanamke mwenye mtoto mchanga mgongoni. Na mkononi mwake kijana wa shati la njano, sikio limeliwa, kifungo kimoja hakipo. Peke yake katika umati ule wote, alikuwa amegeuka anakutazama.

Papa Flori hakupenda. "Huyu anaangalia watu sana. Mugeuze kama wengine."

"Hapana," mama akasema.

"Inaharibu picha, Mama Dezi."

"Akigeuka watamjuaje?"

Papa Flori akaenda kuosha brashi zake na hakulisema tena. Mimi niliyasikia maneno yale yote, na niliridhika sana, nikaona mama anataka watu wanijue. Niliwaza kwamba nipo mara mbili kwenye picha, yule mchanga wa mgongoni na yule mkubwa, mwanzo wangu na mwisho wangu. Nilijivuna shuleni. Niliwaambia wenzangu ninakwenda Ulaya.

Alichora picha ileile tena na tena. Nyingine zilinunuliwa na wageni wa kambini, nyingine alizigawa, jambo lililomtia Bibi Vero wazimu. Dereva wa gari la msaada akisema anakwenda Kibondo kwenye kambi za huko, mama anamkunjia picha. "Itundike mahali penye watu." Muuguzi anahamishiwa mkoa mwingine, anapewa picha. Mimi nilidhani ni ukarimu. Na kila picha mpya kijana alikuwa amekua kidogo. Mchanga wa mgongoni hakukua kamwe, mwanamke hakuzeeka, moshi ulikuwa ule ule, na kijana akawa anamfikia mama kifuani, kisha begani, na shati la njano nalo likawa linakua naye.

Madamu alikuja na mradi wa akina mama. Alikuwa ofisa aliyehamishiwa kwetu kutoka mikoa ya pwani, mwanamke mzuri, mcheshi, anayesalimia watoto kwa kuwashika mkono. Sitasema alikuwa mbaya. Ingekuwa rahisi kwangu angekuwa mbaya. Alitukusanya ndani ya jengo jipya la mabati, akawapa wanawake rangi nzuri na vitambaa halisi badala ya magunia, na watoto wa wanachama tukashonewa sare na kununuliwa viatu vya shule. Nilikuwa sijawahi kuvaa viatu. Siku ya kwanza kuandikisha wanachama aliniona nimesimama pembeni ya mama, akainama, "Unaitwa nani, mrembo?" Nikasema Tekla. Akainuka, "Haya, Mama Tekla, karibu." Kwao ndiyo heshima, kumwita mtu kwa mtoto aliye naye. Kuanzia siku ile kwenye mradi akawa Mama Tekla, na kwa kuwa mradi ndiko kulikokuwa na rangi na viatu na chai ya maziwa, haukupita muda na majirani nao wakaacha Dezi. Mimi, mjinga mimi, nilifurahi kusikia jina langu kila kona.

Ukaja ugeni mkubwa. Picha za akina mama zitatundikwa ukumbini Kasulu mjini, kisha bora kabisa zichukuliwe na wageni wanaozunguka kambi zote na baadaye nchi za mbali. Mama hakulala siku zile, na nasema hivyo kwa sababu nililala naye kitanda kimoja na upande wake ulikuwa baridi. Alichora kubwa kuliko zote, kitambaa kirefu kuliko mimi, na kijana wa shati la njano alikuwa sasa karibu amfikie mwanamke kimo, na sura imekomaa, na kitu cha kama ndevu za kwanza juu ya mdomo ambacho mama alikifuta na kukirudisha, kukifuta na kukirudisha, kwa sababu hakujua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Alikuwa anakisia.

Madamu alisimama mbele ya picha mikono kiunoni. "Nzuri, Mama Tekla. Nzuri sana. Lakini hapa wamebanana. Na huyu kijana mkubwa namna hii anafanya nini?"

"Yuko na mama yake."

"Naelewa, lakini wageni hawamwonei huruma kijana mkubwa, dada yangu. Wataona ana nguvu, kwa nini habebi mzigo? Anavuruga uchungu. Mwache mama na mtoto mchanga peke yao, barabara tupu. Hapo mtu analia."

Mama akasema, "Huyu simtoi." Sikuwahi kumsikia akitumia sauti ile na mtu wa ofisini.

Madamu hakukasirika. Akamshika bega, akasema kwa upole, "Basi haitakwenda. Na isipokwenda nitashindwa kueleza kwa nini uko mradini. Unajua shule ya Tekla inategemea huku." Akaniangalia akatabasamu, nami nikamtabasamia, viatu vyangu miguuni. Mama naye akaviangalia viatu vile. Alikaa akiviangalia mpaka Madamu akaenda kwa mtu mwingine.

Kisha akachanganya rangi ya barabara. Nilikuwepo, nilikaa juu ya ndoo. Alianza miguuni, kama mvua ilivyokuwa inaanza. Akapanda suruali, akapanda shati. Njano ilikataa, ukiipaka nyekundu inabaki kama taa nyuma ya pazia, na Madamu alipopita akasema, "Bado anaonekana." Mama akaongeza. Uso aliuacha mwisho kabisa. Ukawa uso peke yake unatutazama kutoka kwenye vumbi, halafu mama akaufunika kwa viboko viwili vya brashi pana, akapaka na mkono wa mwanamke uliokuwa umeshika mkono, akauchora upya umeshika kanga. Madamu akarudi. "Haya! Unaona? Haionekani kabisa kama palikuwa na mtu."

Mimi nilitoka mbio. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikavua viatu njiani kwa sababu vilinibana, nikamkuta Bibi Vero anamenya muhogo na kumwangukia mapajani nikilia kwamba mama amenifuta. Madamu amemwambia anifute na amenifuta, mimi mkubwa, nimebaki yule wa mgongoni tu! Bibi akaniuliza nasema nini. Nikamweleza: shati la njano, sikio, ukuta, kwamba yule ni mimi nitakavyokuwa. Kisu kikasimama mkononi mwake.

"Ewe mwana wanje, mwanangu," akasema. "Yule siyo wewe. Yule ni Dezi."

Akanieleza hapo hapo, na maganda ya muhogo miguuni. Kwamba mama alipokuwa anakimbia kutoka Burundi alikuwa na watoto wawili. Mtoni maji yalikuwa mengi, mtumbwi mdogo, akampa jirani amshikie yule mkubwa mkono mpaka atakapomvusha mchanga. Akamvusha. Alipogeuka, kule ng'ambo pakawa na risasi na watu wakatawanyika, jirani na mtoto hawakuonekana tena. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yuko hai. Shati lilikuwa la njano, na mbwa alikuwa amemng'ata sikio. "Ndiyo maana anamchora akikua," Bibi akasema. "Mtu akimwona leo, amwone alivyo leo. Ukuta hauendi kambi nyingine. Ndiyo maana alikwenda kwenye haya mafuta yenu yanayonuka." Akafuta kisu kwenye kanga na kuendelea kumenya, huku machozi yanamdondokea kwenye muhogo.

Picha ilikwenda. Iliwaliza wageni ukumbini, nimeambiwa, na mmoja akaichukua kwao. Baada ya hapo mama hakuchora tena mtu mwenye uso. Alichora twiga. Huku kwetu nani ameona twiga? Alichora wanawake warefu weusi wenye mitungi kichwani, hawana macho wala midomo, jua jekundu nyuma yao, na watu wa mjini waliotujia walisema mtindo wake umekomaa. Umekomaa! Aliwachora haraka, hawatazami, anaongea na wenzake huku mkono unakwenda. Nilimaliza la saba kwa twiga, nikaenda sekondari ya bweni Kibondo kwa wale wanawake wasio na nyuso. Mradi ulipofungwa aliosha brashi, akazifunga kwenye kitambaa, akarudi kwenye ndoo ya samadi na ingwa. Pembetatu na mistari. Udongo wa njano hakuufuata tena, na chini karibu na mlango alipaka nyeupe tupu.

Alipokufa Bibi Vero hakubaki mtu wa kumwita Mama Dezi. Mimi nilijaribu mara moja, nilikuwa nimerudi likizo, nikasema kwa sauti, "Mama Dezi, chakula tayari." Alikuwa anafagia. Ufagio ulisimama. Akasema, "Mwite na mtoto wa jirani tule wote," akaendelea kufagia, na mimi sikurudia.

Ile picha iko mahali fulani. Huwa naiwaza. Iko kwenye ukuta wa mtu mwenye nyumba yenye joto ndani, na wageni wake wakija wanaambiwa huyu mama peke yake, tazama, na mtoto wake mmoja. Na ndugu yangu amesimama pale pale akiwatazama, chini ya barabara.

Kwa hiyo nilimwita fundi wa msalaba pembeni, nikamwambia jina lina kosa, mama aliitwa Mama Dezi. Alikuwa kijana mwenye adabu. "Pole sana, dada. Siyo shida. Napaka nyeupe juu yake naandika upya, haitaonekana kabisa." Nadhani nilimfokea. Watu waligeuka. Nilimwambia asithubutu kupaka chochote juu ya chochote. Aandike Mama Dezi hapo juu ya Mama Tekla, na la chini aliache lilivyo.

"Nafasi ndogo, dada. Yatabanana."

"Yabanane."

Akachukua brashi, akapiga magoti kwenye majivu ya jiko, akaandika. Herufi zilitoka nyembamba, zimesukumana, moja ikagusa jina langu. Tulipouchomeka msalaba kaburini jina langu lilikuwa limeshakauka. La Dezi lilikuwa bado bichi.